Kilo Ishirini za Maji

Geji ya oili ilianza kushuka walipokuwa juu ya uwanda wa mawe, mbali na barabara. Daktari wa meno, aliyekuwa akiiendesha ndege hiyo ndogo, aliigonga kwa kidole kana kwamba kosa lilikuwa la kioo. Haikupanda. Injini ilikohoa mara mbili, ikatetemeka hadi miwani ikamcheza puani, kisha ikanyamaza.

"Umeizima, au imezimika yenyewe?" aliuliza seremala, kaka wa mkewe, aliyeketi kando yake akiwa ameukumbatia mlango.

"Kaza mkanda, shemeji."

Alichagua kipande cheupe kati ya mawe, akashuka, akagusa chini. Kwa sekunde tano kulikuwa kutua kuzuri kuliko kote alikowahi kutua. Kisha gurudumu la mbele likazama, ndege ikapiga pua chini, na nyuma yao sanduku la zana, chuma kitupu, likakata kamba na kuja mbele kati ya viti. Likampata seremala chini ya goti. Mfupa ulisikika.

Daktari alimburuta hadi kivulini chini ya bawa. Taya na fizi alizijua. Muundi haukuwa kazi yake. Aliufunga mguu kwa mpini wa nyundo na rula ya chuma, akakaza kwa vipande vya shati.

"Maji," alisema seremala, jasho likimtiririka. "Lile dumu la njano."

Daktari aliendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Halipo."

"Limepasuka?"

"Nililishusha."

Katika klabu yao ya marubani wa kujifurahisha, hakuna ndege iliyoondoka kabla ya watu na mizigo kupanda mizani, na kila anayevuka uwanda alipaswa kubeba lita ishirini za maji. Msimamizi walimwita Mama Mizani. Asubuhi ile alikuwa ameweka penseli sikioni na kusema, "Umezidi kilo kumi na tisa, Kapteni. Acha sanduku."

"Liache tu," seremala alisema. "Nitaletewa na lori. Kazi yenyewe makabati, hayatakimbia."

Lakini daktari alikuwa ameahidi kumfikisha shemejiye na zana zake, na hakuwa tayari kupangiwa mbele yake. "Ndege yangu, leseni yangu, roho yangu," alisema, akakisukuma kigari cha mizigo nyuma ya banda. Huko alishusha dumu, akafunika vilivyobaki kwa turubai, akarudi na kusema amepunguza mzigo. Mizani ilisoma pungufu kwa kilo moja. Mama Mizani hakufunua turubai. Hapo klabuni neno la mwanachama lilitosha. Akatia sahihi.

Hewani daktari aliongeza kosa la pili. Karatasi ya safari aliyoacha klabuni ilisema atafuata barabara. Yeye akakata katikati ya uwanda ili aokoe dakika arobaini.

"Basi watatutafuta barabarani," alisema seremala baada ya kuyasikia yote. "Iko umbali gani?"

"Kilomita sabini."

Seremala alicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Watatafuta kwa bidii sana, masikini."

Alfajiri ya siku ya pili daktari alifuta umande juu ya mabawa kwa shati, akalikamulia kwenye kifuniko cha chupa ya chai iliyokwisha jana yake. Yalipatikana mafunda matatu yenye ladha ya rangi na vumbi. Yote alimpa mgonjwa, yeye akalamba kitambaa. Kufikia mchana mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi ikang'aa, na vidole vilikuwa vimegeuka rangi ambayo daktari hakutaka kuitazama.

"Nitakwenda kaskazini, barabarani," alisema daktari. "Nikitembea usiku kucha..."

"Kaa chini."

"Siwezi kukutazama tu ukiisha."

"Ndege inaonekana kutoka juu. Wewe huonekani. Hata mimi fundi wa makabati najua hilo." Seremala alifumba macho. "Umeshaamua mara mbili, shemeji. Hii niachie mimi."

Akakaa. Alichomoa gurudumu moja, akalirundikia vitambaa, akakinga petroli kutoka tangini kwa kifuniko kilekile, akasubiri. Siku ya tatu, jua likiwa la utosi, mlio wa ndege ulisikika kusini. Alitia kiberiti. Moshi mweusi ukapanda wima.

Fundi wa klabu alitua, akawapa maji, akapima ardhi kwa hatua zake, akatikisa kichwa. "Hapa naruka na mmoja tu. Lori litakuja kesho."

Mdomo wa daktari ulifunguka. Alizijua hoja zote za kubana wawili. Alishazitoa mara nyingi, kwa sauti kubwa, huku wenzake wakicheka.

"Mchukue yeye," alisema.

Alipofika hospitali, vumbi la lori lingali masikioni, mkewe alikuwa amekaa kitandani kwa kaka yake, akimlisha uji kwa kijiko. Hakugeuka. Shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo goti la kulia lilipaswa kuwa.

"Nitalipia kila kitu," alisema daktari. "Karakana nitakujengea nyumbani, ufanye kazi umekaa."

Seremala alisogeza kijiko kando.

"Tayari unanipangia."

"Shemeji, nilisema roho ni yangu. Nilidhani—"

"Kuhatarisha yako sina neno nako. Mimi mtu mzima. Ungeniambia tu pale bandani, 'Nimeshusha maji,' ningeamua. Pengine ningepanda hivyo hivyo, nani ajuaye? Pengine ningekuona dume." Alivuta pumzi. "Hukuniuliza."

Seremala aligeuza uso ukutani, na dada yake akasimama, akavuta pazia la kitanda hadi mwisho.