Taa ya Upande wa Kushoto

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku na baba yake walifanya mazoezi sebuleni. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu msichana huyo aliongea bila kupumzika.

Baba yake alikuwa rubani. Ndege aliyokuwa akiirusha ilikuwa imewekewa taa mpya, moja kila upande wa ubao wa vipimo ulio mbele ya rubani. Bawa likiinama, taa ya upande ule huwaka, na rubani huiona kwa pembe ya jicho bila kuacha kutazama mbele. Jumatatu baba angejaribiwa kazini kama anaziona taa hizo. Kwa hiyo aliketi akikazia macho nukta ukutani, naye Chiriku akawasha tochi kulia au kushoto kwake.

"Kulia," baba alisema.

"Sawa."

Chiriku akahamia kushoto na kuwasha. Baba kimya. Akarudia mara tatu, bado kimya. Roho ilimuuma, maana baba akishindwa hataruhusiwa kurusha ndege tena, na kuruka ndiyo furaha yake. Mara ya nne alibonyeza swichi kwa nguvu, ikalia ta.

"Kushoto," baba akasema upesi.

"Sawa," Chiriku akajibu, akaweka alama ya vema daftarini. Juma zima alifanya hivyo.

Jumamosi mchana, wakiwa mezani wakila, baba aliipiga kumbo glasi ya maji iliyokuwa upande wake wa kushoto.

"Rubani mzima unagongana na glasi?" mama alimtania.

Chiriku hakucheka. Ndani ya ndege baba huvaa vifaa vya kusikilizia masikioni, na taa zile hazitoi sauti.

"Baba," alisema, "tochi ya kushoto huioni. Unasikia swichi tu. Mimi nilikuwa naibonyeza kwa nguvu makusudi. Nisamehe."

Mama aliweka kijiko chini.

"Na mimi nilijua kwamba nasikiliza," baba alisema. "Nikajidanganya."

Hakusubiri Jumatatu ifike. Alimpigia simu mkuu wake akamweleza yote, kisha wakaenda wote watatu kwa daktari wa macho. Daktari alimpima, akasema presha ya jicho imekula uwezo wake wa kuona pembeni upande wa kushoto. Dawa ya matone ingelinda uliobaki, lakini uliopotea haurudi. Kurusha ndege ndiyo basi.

Chiriku alilia hadi nje ya hospitali. Baba alichuchumaa mbele yake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Na mimi ningeumbuka na abiria arobaini nyuma yangu. Nimeumia, mwanangu, sikufichi. Lakini ukimpenda mtu, mwambie ukweli wakati bado unaweza kumsaidia."

Walipofika ukingoni mwa barabara, magari yalikuwa mengi. Baba alisimama, akanyoosha mkono.

"Njoo ukae kushoto kwangu," alisema. "Niambie kama kuna gari."