Mstari wa Nne

Harufu ya ziwa ilianzia kwenye stoo ya sukari. Duka la Zubery liko Sumbawanga mjini, nyumba iko nyuma yake, ziwa liko mbali huko chini Kasanga, na wiki hiyo hakuna aliyepika samaki. Sauda, dada yake Zubery, alisimama mlangoni na kopo la kupimia mkononi, akanusa, akanusa tena. Haikuwa harufu yake.

Maana Sauda alikuwa na harufu yake. Tangu utotoni, kabla kifafa hakijamwangusha, hunusa karafuu inayoungua, kisha mwanga humjaa kichwani, na kwa kitambo kidogo humhisi Mungu karibu kuliko shuka aliyojifunika. Halafu huanguka. Kliniki walimpa vidonge na alivimeza bila kukosa. Ule ukaribu, hata hivyo, hakukubali kuuita ugonjwa mtupu, wala hakukubali kuuita pepo. Aliutungia utenzi. Wanawake wa mjini walishamwomba ausome siku ya Maulidi, na kwa mtu aliyezoea kufichwa chumbani kila wageni wanapokuja, hilo halikuwa jambo dogo.

Harufu ikakaa. Sakafu kavu ikaanza kuonyesha nyayo mbichi, zinatoka stoo na kukatika katikati ya ukumbi. Wifi yake Kulsumu, mke wa Zubery, alizifuta kwa tambara bila kuuliza ni za nani. Alasiri moja, upepo wa Juni ukipiga mabati, Sauda alikuwa jikoni akijisomea ubeti wake:

Naanguka, nainuka,
Dawa nanywa, sikuchoka,
Kichwani ninapowaka
Mola ndiye anijua.

Ndipo akasikia, nyuma ya mlango wa stoo, sauti nzito ya kiume ikiufuata ubeti ule neno kwa neno, polepole, naanguka nainuka, dawa nanywa sikuchoka, kichwani ninapowaka, halafu kimya, na ndani ya kimya kile maji yakidondoka tone kwa tone, na yeye anangoja mstari wa nne ambao haukuja. Alipopata nguvu ya kusukuma mlango, alikuta magunia tu. La chini lilikuwa limelowa chapachapa.

Alimweleza kaka yake. Zubery hakuwa mtu mbaya, ila kwenye habari za majini akili yake ilikuwa na njia moja: nyumbani mwake aliyekuwa akianguka ni mmoja, basi aliyekaliwa na jini ni huyohuyo. Kulsumu aliunga mkono upesi. Tangu arudi kutoka Kasanga alikokwenda kupokea shehena ya dagaa, Kulsumu yule wa maneno mengi alikuwa mpole kupita kiasi, na kila mtu alishukuru badala ya kushangaa.

Akaitwa Maalim Faruk, msomaji anayesifika kwa kutoa majini. Alitangaza kwamba mtunzi wa utenzi ni jini mwenyewe, hivyo Sauda aache kutunga na Maulidi asiende. Wakamkalisha kwenye mkeka, wakamfunika kaniki. Kulsumu alisimama nyuma yake ameshika chetezo, ubani unafuka.

"Wewe ni nani?" Maalim aliuliza.

"Shikamoo, Maalim. Ni Sauda. Asubuhi nimemeza dawa."

"Unataka nini kwa kiti chako, huyu uliyemkalia?"

"Nataka kumaliza utenzi wangu."

Zubery alimsihi kwa sauti ya chini asifanye mzaha. Hasira ya Sauda ilikuwa kubwa kuliko woga wake. Miaka yote watu walikuwa wamemsemea kilichomo kichwani mwake. Akaivua kaniki, akaanza ubeti wake, na kadiri alivyousoma harufu ya ziwa ilipanda ikazima hata ubani, maji yakatambaa chini ya mkeka yakimgusa magoti, baridi, yakitoka asikojua, naye hakunyamaza, akaufikia mstari wa nne, akalitaja jina la Mola kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Chetezo kikaanguka.

"Mfungeni mdomo huyo," ilisema sauti nzito, na ilitoka kinywani mwa Kulsumu.

Maalim alimsomea Kulsumu hadi akatapika maji ya ziwa, ndoo nzima. Kisha akalala, akaamka anauliza chakula, na Maalim akasema jini ametoka. Zubery alimwomba dada yake radhi huku machozi yakimtoka, akamnunulia kanga mpya ya Maulidi.

Siku yenyewe ukumbi wa Maulidi ulijaa. Sauda alisimama mbele yao wote, akawaambia kwanza kwamba ana kifafa na haoni aibu, ndipo akasoma. Wanawake waliupenda ubeti ule, wakaushika, wakawa wanauitikia pamoja naye. Kulsumu alikaa mstari wa mbele, anaitikia kwa furaha kama wenzake. Walipofika mstari wa nne, midomo yake ikafumba.

Sauda alisita. Harufu ilikuwa ya ziwa.

Akamkazia macho wifi yake, akawaomba wanawake wapaze sauti, akaurudia ubeti toka mwanzo.