Nani Atashinda, Harlan au Kasereka?

"Mwiza, usilie. Harlan anammaliza Kasereka mapema tu."

"Mi silii, niko nakata kitunguu. Nani alikutuma kunywa ile pombe ya Papa?"

Ngoga alisimama mlangoni mwa jikoni akinong'ona, kwa sababu Papa na baba zangu wadogo walikuwa sebuleni, wanasubiri pambano la ngumi la mkanda wa uzito wa juu lianze kwenye televisheni.

Papa alicheza ngumi Goma ujanani, na hapa Nyamyumba hakuna anayembishia. Alitabiri kuwa Kasereka, kijana wa Butembo, atamnyang'anya Harlan mkanda. Ngoga wangu, mzaliwa wa Karagwe, mjuaji wa kila kitu, akasema Harlan hapigiki. Papa akamwekea sharti: Harlan akishinda, alete wazee wake kuniposa. Kasereka akishinda, asikanyage tena kwetu. Wakanywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija mmoja, na kwetu neno lililonywewa hivyo halirudi nyuma. Mimi nilikuwa jikoni. Hakuna aliyeniuliza.

"Ungemuambia hapana."

"Mbele ya wazee wote? Wangesema naogopa."

"Donc, kumbe wanapigana kule, mi ndiye mukanda?"

"Usiseme hivyo, mpenzi. Nimeshachambua. Kasereka hana pumzi."

Akarudi kwa wanaume. Nikabaki na sambaza zangu, visamaki vya ziwani, kwenye kikaango, masikio yote sebuleni. Kuingia nilikuwa siwezi, kutoka nilikuwa siwezi. Maisha yangu yalikuwa mikononi mwa majitu mawili yasiyojua hata jina langu.

Raundi ya tisa Papa akapiga ukelele:

"Yuko chini! Harlan yuko chini!"

Nilishika simu, nikamwandikia Ngoga:

*Harlan akipigwa, sisi itakuwa namna gani?*

Jibu likaja upesi kuliko nilivyotaka.

*Nitaondoka. Nilikunywa na mzee. Neno ni neno.*

Nikasoma tena. Sambaza zikaungua. Moyo uliniuma, jamani, uliniuma kweli.

Harlan akainuka. Raundi mbili baadaye alimlaza Kasereka, na Kasereka hakuinuka hadi hesabu ya kumi. Kisha nikamsikia Papa:

"Bon. Kijana, ngumi unajua. Lete wazee yako."

Ngoga akaja mbio, meno nje.

"Si nilikuambia? Si nilitabiri?"

Nilimpita nikaenda hadi katikati ya sebule na simu yangu. Nikawasomea ujumbe wake neno kwa neno. Baba zangu wadogo wakainamisha vichwa.

"Lakini ameshinda, mwanangu," Papa akasema polepole.

"Harlan ndiye ameshinda, Papa. Huyu alikuwa tayari kuniacha. Na we ulikuwa tayari kumufukuza, bila kuniuliza hata kidogo."

"Mwiza, yameisha," Ngoga akasema. "Sasa tuko huru."

"We ndiye uko huru. Wazee walete, siwakatazi. Lakini jibu nitatoa mi mwenyewe, mbele yao wote. We mwenye kujua, niambie: nitasema ndiyo ao nitasema hapana?"

Akaangalia simu mkononi mwangu.

"Tabiri, Ngoga."

Akamtazama Papa. Papa akageukia televisheni, ambako Harlan, jicho moja limevimba, alikuwa anafungwa mkanda kiunoni.