Kipigo cha Stoo ya Vitambaa

Saa saba na dakika ishirini mchana, mlinzi wa kiwanda cha sare za shule alifungua stoo ya vitambaa, akamkuta mshonaji wa mashine ya tisa amelala kifudifudi kati ya majora. Taya lilikuwa limevunjika. Meno mawili yalikuwa sakafuni, na damu imeloweka jora zima la kitambaa cheupe. Alikuwa bado anapumua.

Wiki mbili nyuma alikuwa amemshtaki msimamizi wake kwa kumshikashika na kumtaka kimapenzi. Kikao cha kusikiliza malalamiko hayo kilipangwa kesho yake, saa nne asubuhi. Asipotokea, shauri lingefutwa na yeye angefukuzwa kazi.

Inspekta, mama wa makamo ambaye askari wake walimwita Taratibu, aliwahoji washonaji kumi na wanane. Alimaliza damu ikimchemka. Mtu yuko nusu mfu, wenzake wanajadili urefu wa sketi zake.

"Alijitakia," alisema mmoja. "Mkubwa anakutania, unacheka kidogo, yanaisha. Yeye akataka makubwa."

"Huenda kajigonga mwenyewe," mwingine akadakia. "Apate huruma kikaoni."

"Na meno kajing'oa?" Inspekta aliuliza.

Aliyedakia akainamia cherehani yake.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa msimamizi, na Inspekta angefurahi sana awe yeye. Lakini tangu saa sita na nusu, mshonaji akiwa bado kwenye mashine yake, hadi saa nane kasoro robo msimamizi alikuwa ofisini kwa mkurugenzi, mbele ya wateja watatu.

"Sasa mnaona jinsi ninavyozushiwa," alisema, akitabasamu.

"La kuzushiwa bado halijasikilizwa," Inspekta alimjibu, akatoka.

Hospitalini, mgonjwa alikuwa kafungwa taya kwa waya. Mama yake alikaa kwenye stuli. Kaka yake, mkata vitambaa wa kiwanda hichohicho na ndiye aliyemtafutia kazi, alisimama dirishani. Kwenye shavu la kulia la mgonjwa kulikuwa na alama nyingi za vipete vidogo vilivyoshikana kama wavu.

"Nani alikupiga?" Inspekta aliuliza, akampa daftari.

Mgonjwa alimtazama mama yake kwanza, kisha akaandika: *Sikumwona.*

Inspekta hakubishana naye. Daktari alikuwa amehesabu mapigo manne, yote usoni, yote kutoka mbele. Aliyempiga alionwa, tena vizuri.

Saa kumi na moja jioni aliingia chumba cha wakataji. Kiwanda kizima kilikuwa na wakataji wanne, na kila mmoja alikuwa na glavu ya vipete vya chuma, ya mkono wa kushoto, mkono unaoshika kitambaa, ili kisu cha mashine kisimle vidole. Glavu zilitundikwa ukutani, kila moja na namba yake. Tatu zilijaa vumbi la pamba la bluu, maana wiki nzima walikuwa wakikata bluu. Ya nne ilikuwa inang'aa.

"Mnaziosha?" aliuliza.

"Thubutu," alicheka mkataji mzee. "Zinapulizwa na pampu ya upepo, basi. Ukiosha, maji yanabaki kwenye vipete, kesho unachafua kitambaa. Labda mgeni wa kazi."

"Mwenye namba nne ni mgeni?"

Kicheko cha mzee kilikwisha. "Hapana, mama. Ana miaka kumi na moja hapa."

Saa kumi na mbili na nusu Inspekta alirudi hospitalini na glavu hiyo, akaisogeza karibu na shavu la mgonjwa. Kipete kwa kipete, alama zilikuwa zilezile. Ndani, kwenye mshono wa kifundo cha mkono, damu ilikuwa imegoma kutoka.

Kaka mtu aliketi sakafuni.

"Nilimwomba aiondoe ile barua ya malalamiko," alisema. "Msimamizi aliniambia wazi, dada yako akikanyaga kikaoni, wote wawili mtamwaga unga. Nina watoto wanne, afande. Na kila ninakopita naulizwa dada yangu alivaa nini. Nacheka nao, nifanyeje? Leo akaniambia atakwenda hata kwa kutambaa. Nikampiga. Alipoanguka nikamwinua nikampiga tena, ili anyamaze."

"Mwanangu," mama alimwambia mgonjwa kwa sauti ya chini, "huyu ni tumbo moja na wewe. Umeshaandika kwamba hukumwona. Iache hivyohivyo."

Mgonjwa alivuta daftari. Aliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. *Nilimwona. Alinishika nywele kwa mkono wa kulia akanipiga kwa wa kushoto.* Akaweka sahihi yake. Mama alijifunika uso kwa kanga, akalia. Inspekta alimtia kaka mtu pingu, na haikumpendeza hata kidogo.

Kesho yake, saa nne kasoro dakika tano, mshonaji alishuka kwenye gari la polisi mlangoni mwa kiwanda, jicho moja halifunguki. Wenzake walikuwa wamejipanga kwenye korido.

"Kamfunga mpaka kaka yake," mmoja alisema, wala hakunong'ona.

Alipita. Mwenyekiti wa kikao, akikwepa kumtazama usoni, alimuuliza kama angependa shauri liahirishwe mpaka apone. Alitikisa kichwa kukataa, taya likamuuma mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na msimamizi.