Manjano Chini ya Kijani

Duka la ngozi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wateja walinyoosha mikono juu ya vichwa vya wenzao kuonyesha vipande walivyotaka, mashine ya kukatia ilinguruma nyuma ya kaunta, na harufu ya gundi iliwasha macho. Fundi wa mikoba, aliyevaa gauni la rangi ya chungwa na kilemba kidogo cheusi, alikuwa amekumbatia robota la ngozi ya kahawia, akisubiri zamu yake. Mbele yake kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi barabara, alikuwa akimbembeleza muuzaji ampimie kipande kisichozidi kiganja. Muuzaji alimjibu kuwa hapo hawauzi viganja.

"Unamshonea nani viatu, panya?" fundi wa mikoba akauliza kwa nyuma.

Kijana aligeuka. "Viti," alisema. "Viti vinne vya gari. Gari lenyewe linaingia mfukoni."

Alidhani ni utani mpaka kijana alipotoa simu na kumwonyesha picha: gari jekundu limekaa juu ya kiganja, milango imefunguliwa, usukani mwembamba kama pete. Ndipo alipoona kwamba pembeni mwa kucha zake kulikuwa na rangi isiyotoka kwa sabuni. Kijana alipaka magari rangi katika gereji ya mjomba wake, na wenzake walimwita Brashi. Akitoka kazini alijenga magari yake mwenyewe chumbani, kila moja dogo mara ishirini na nne kuliko lile la barabarani. Fundi wa mikoba alisema kuwa kibandani kwake mabaki ya ngozi hutupwa kila jioni. Akampa kipande, na namba ya simu juu yake.

Kesho yake simu iliita akiwa katikati ya kushona mkanda wa begi.

"Bi Mikoba, sindano namba ngapi haichani ngozi?"

"Umenipigia saa tano asubuhi kuniuliza sindano?"

"Nimepiga kusikia sauti. Sindano ni kisingizio."

Tangu hapo Jumapili za mchana zikawa zao. Chumba cha Brashi kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, na kuta mbili zilijaa rafu za magari. Alimwonyesha jinsi ya kukata vipande vya plastiki kutoka kwenye fremu vilivyoshikana nayo, kuvipiga msasa, kushusha gari chini na kulitanulia magurudumu. Vioo vya pembeni alivitengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, antena kwa pini, nyaya za injini kwa uzi. Yeye naye alishona viti, kichwa chake karibu na cha Brashi chini ya taa, mabega yakigusana, na mara nyingi kiti kimoja kilichukua muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Brashi alimwambia kwamba hakuna gari kwenye rafu lililotoka kichwani tu. Yote yaliwahi kupita mikononi mwake gereji. Gari aliloshika hakulisahau, hata mkwaruzo wake.

Juu ya kabati kulikuwa na kasha la mbao. Siku moja fundi wa mikoba aliuliza kuna nini mle. Brashi alijibu kuwa ni kazi iliyoharibika, akaendelea kupaka ringi ambayo tayari ilikuwa imeshapakwa. Hakumtazama. Fundi wa mikoba aliliona hilo, akaliacha.

Naye alikuwa na lake asilolisema. Alikuwa amemwambia Brashi kwamba baba yake, mwalimu mstaafu, alifariki. Hakumwambia alikufaje. Miaka miwili nyuma, asubuhi ya Jumapili, mwalimu alitoka kununua gazeti, akagongwa kwenye kona ya tangi la maji. Dereva hakusimama. Polisi walipima barabara, wakaandika, wakanyamaza. Mama yake alirudi pale peke yake na kuokota mtaroni kigae cha rangi kama ukucha wa dole gumba, kijani juu na manjano chini. Alikiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Jumamosi moja fundi wa mikoba alipitia gereji kumchukua mpenzi wake. Mjomba alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, ovaroli yake safi kuliko za mafundi wake. Alimvutia kiti, akafuta mikono kwa kitambaa, akamuuliza kwao ni wapi. Binti alitaja mtaa wa tangi la maji. Akasema baba yake alikuwa mwalimu, ni marehemu sasa.

Kitambaa kilisimama. Kisha mjomba akaendelea kujifuta, kidole kimoja kimoja, mikono ambayo ilikuwa imeshatakata. Alisema pole, akauliza hali ya mama. Njiani kurudi ndipo fundi wa mikoba alipowaza kuwa kila mtu humuuliza baba yake aliugua nini, na yule mzee hakuuliza.

Jumatatu mjomba alimwita Brashi nyuma ya chumba cha rangi, akamwambia amwache yule binti.

"Kwa nini, mjomba?"

"Baba yake ndiye yule wa kwenye tangi."

Mjomba alimpiga Brashi bega kidogo, kama mtu anayemfariji mfiwa, akarudi kazini.

Kuanzia hapo Brashi hakuwa Brashi. Simu aliipokea kwa shida, Jumapili moja akasema anaumwa, iliyofuata akasema kuna kazi ya haraka. Fundi wa mikoba alimtania kuwa labda amepata fundi mwingine wa viti, lakini Brashi hakucheka. Wiki ya tatu wivu ulimzidi. Ufunguo wa chumba alikuwa nao. Brashi alimpa mwenyewe siku za raha. Jumatano mchana alipanda zile ngazi akiwa ameshajiandaa kukuta hereni za mwanamke mwingine.

Hakukuta kitu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, sufuria zimeoshwa. Akasimama juu ya kiti na kushusha lile kasha.

Ndani, juu ya pamba, lilikaa gari la kijani. Katika rafu zote hapakuwa na lililojengwa kwa ustadi kama lile. Lakini upande wa mbele kushoto ulikuwa umebonyezwa, taa imevunjika, boneti imeinuka kidogo, kioo kina ufa mwembamba kama unywele. Pale kijani kilipobanduka, chini yake palikuwa na manjano. Lilikuwa gari lililowahi kuwa teksi.

Alilifunga ndani ya kilemba chake na kulipeleka nyumbani.

Mama alifungua kopo la majani ya chai, akakiweka kile kigae mezani karibu na gari, akavitazama mpaka machozi yakamkauka yenyewe. Baadaye akauliza ni nani aliyelitengeneza.

"Ni yule niliyetaka kumleta nyumbani, mama."

Alimpigia Brashi palepale.

"Ni wewe uliyekuwa unaendesha?"

Alisikia pumzi tu. Alihesabu pumzi nne, akakata simu.

Brashi alifika kwenye kibanda chake cha kushonea kabla saa moja haijaisha. Fundi wa mikoba alisimama nyuma ya meza, mkasi mkubwa mkononi, wala hakumkaribisha. Brashi alisimulia akiwa mlangoni. Ile Jumapili mjomba alimwita gereji, akasema amegonga mbuzi, akataka gari lake la kijani linyooshwe na kupakwa kijivu kabla watu hawajaja kazini Jumatatu. Alinyoosha. Alipofika kwenye grili akakuta kifungo cha shati, na uzi wake bado umening'inia.

"Mbuzi havai shati," alisema. "Nilijua, nikapaka. Jioni nikasikia kuna mzee aliyegongwa kwenye tangi. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, nikiwa na miaka sita. Kusema nilishindwa, ndipo nikalijenga lile gari. Sikujua kuwa ni baba yako mpaka mjomba aliponiambia."

"Lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu unajua," alisema taratibu, "na mimi nakupigia kukuuliza kama umekula."

Fundi wa mikoba aliweka mkasi mezani, akamwambia asiendelee kumsimulia yeye, kwani ameshayasikia. Awaendee wanaoweza kuyaandika.

Asubuhi iliyofuata Brashi alienda gereji kwanza. Hakutaka kumshtaki kwa siri mtu aliyemlisha. Mjomba alikuwa peke yake. Alimsikiliza hadi mwisho, akainuka, akafunga geti kwa ndani, akatia kufuli.

"Ukisema, mpwa wangu, tunafungwa wote. Mikono iliyofuta ni yako," alisema kwa sauti ileile ya upole. Alimkumbusha homa alizomuuguza, ada alizomlipia, kitanda ambacho watoto wake walimwachia wakalala chini. Halafu, kana kwamba limemponyoka, akaongeza, "Hata hivyo yule mzee asingepona. Nilishuka nikamwangalia. Alinitazama tu, hakuweza kusema."

Miaka miwili Brashi alikuwa amejiaminisha kwamba mwalimu alikufa papo hapo, na kwamba mjomba alikimbia bila kujua amegonga mtu.

"Alikuwa hai?" aliuliza.

Mjomba alitupa ufunguo ndani ya pipa la mafuta machafu, akavuta tairi na kulikalia mbele ya geti.

Brashi alikunja mkono wa shati, kisha akaona ni kazi bure. Aliuzamisha mkono mzima hadi begani, akapapasa chini ya pipa, shavu lake likigusa ukingo, huku mjomba akimtazama bila kunyanyuka. Alipoupata ufunguo alimwendea. Alisimama karibu hata akasikia mjomba akihema. Mjomba aliinuka, akasogea pembeni hatua moja, akampisha.

Saa sita mchana askari wa kike alipiga simu kwenye namba pekee ambayo Brashi, shahidi wake, aliitoa. Fundi wa mikoba alikuja na mama yake. Kituo kilijaa watu na makaratasi. Askari aliwaambia kuwa maelezo yameandikwa, kwamba kijana atabaki ndani kwa kuficha kosa, na kwamba gari la polisi lilikuta geti la gereji liko wazi. Mjomba hakuwepo, na simu yake haipatikani. Akashika kalamu.

"Wewe ni nani wake?"

Binti alimtazama mama. Mama alitazama sakafu.

"Mchumba wake," binti alisema.

Askari aliangalia kidole chake kitupu, kalamu ikasita.

"Andika," mama alisema. "Mimi sijamsamehe. Lakini kati ya wote waliojua, ni yeye peke yake aliyekuja kusema."

Walimruhusu dakika tano. Brashi alikuwa kwenye benchi, upande mmoja wa shati mweupe, mwingine mweusi tii. Alimsihi wasirudi nyumbani, kwani mjomba anajua wanakoishi, na akiogopa anaweza kufanya lolote. Fundi wa mikoba alimjibu kuwa nguo zimeshafungwa, wanahamia kwa mama mdogo leo hii. Kisha akamweleza alichomwambia askari.

"Naweza kukaa ndani miaka," Brashi alisema.

"Nimesikia. Ukitoka, ulete posa kwa mama."

"Nimtume nani? Ndugu yangu alikuwa yule mmoja tu."

Nje, mtu aliita kwamba muda umekwisha. Fundi wa mikoba alimshika ule mkono uliojaa mafuta, akaukaza.

"Basi njoo mwenyewe."