Jini wa Nyumba ya Kona

Siku hiyo mlango wa nyumba ya kona ulikuwa na joto. Kasuku, mtembeza wageni wa mtaa wa zamani, aliuegemea kama kawaida yake, akaondoa mgongo upesi. Nyumba ilifungwa tangu enzi za babu yake, na jua halikuwa limeufikia upande ule.

Kasuku alikuwa hodari wa maneno. Aliwaonyesha wageni kisima cha kale, soko la vitambaa na mnara wa saa, na kote huko walipiga miayo. Basi nyumba ya kona akaitia chumvi. Ukweli ni kwamba humo aliishi fundi viatu, akazeeka, akafa kitandani kwake. Kasuku yeye alisema ni tajiri aliyempa jini sauti ya bintiye ili biashara imnyookee. Wageni walishika vifua, na Kasuku alikula vizuri.

"Jini akaichukua sauti," alisema siku hiyo, "na yule mtoto..."

"Alikuwa na umri gani?"

Swali lilitoka nyuma yake, kwa upole. Alidhani ni mgeni.

"Miaka sita," akajibu bila kufikiri, kwa kuwa ndio umri wa binti yake. Ndipo harufu ya nywele zinazoungua ikapenya chini ya mlango, akakumbuka kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nyumbani mkewe alimkimbilia. "Baba watoto, mtoto hasemi. Anafungua mdomo, hakitoki kitu."

Kilitoka kitu. Ilitoka ile harufu.

Walimwita mganga. Alimwinamia mtoto, akanusa, akamtazama Kasuku kwa chuki.

"Mle katika nyumba ya kona jini alikuwamo kweli," akanong'ona. "Mvivu, hana habari na mtu. Wewe ndiye uliyemfundisha, kila siku, mlangoni kwake."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Mfundishe kurudisha. Kasimulie mwisho mwingine."

Kesho yake Kasuku alisimama mbele ya wageni, jasho likimtiririka, akasema jini alimhurumia yule mtoto akamrudishia sauti yake, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na tena, huku wageni wakitazama simu zao na mlango ukizidi kupata moto mgongoni pake na ile harufu ikimjaa puani hadi machozi yakamtoka, na hakunyamaza mpaka aliposikia, nyuma ya mbao, sauti ya mwanawe.

"Baba."

Akaugeukia mlango. "Njoo, mwanangu. Njoo kwa baba."

"Anasema mwisho huu haunogi," sauti ikanong'ona. "Anasema usimulie upya, na safari hii umtie na mama."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akainua simu yake, akamwomba arudie.