Aliyebaki Kwenye Orodha

Faili lilirudi kwenye rafu likiwa na unyevu, linanuka udongo wa kaburi.

Mtunza masjala ya siri alilinusa mara mbili, kisha akafungua daftari la kuazima mafaili. Wenzake walimwita Bi Komeo, kwani mdomo wake na mlango wake vilifungwa sawasawa. Jina la mwisho daftarini lilikuwa la Mzee, aliyekalia kiti kile kabla yake. Wino ulikuwa haujakauka. Na Mzee walimzika mwezi uliopita.

Mlango ule walipita watu wanne tu, waliopekuliwa maisha yao yote na majina yao kubandikwa ukutani. La Mzee lilikuwa la tano. Halikukatwa, maana kanuni ilitaka anayeondoka atie saini kwa mkono wake mwenyewe, na Mzee alikufa kabla. Bi Komeo alipouliza, bosi alimwambia asubiri utaratibu. Ndiyo mambo ya ofisi hayo: mtu anazikwa, jina linabaki kazini.

Faili lenyewe lilikuwa la Bi Komeo mwenyewe. Humo mliandikwa alilowaambia wapekuzi, kwa kuwa anayeficha hapewi kazi: kifungua mimba wake si damu ya mumewe. Mumewe hakujua.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alisikia kurasa zikifunuliwa nyuma ya makabati, polepole, kama mtu anayelowesha kidole kwa mate, na harufu ile ikaja ikamzunguka shingoni, na alipotaka kukimbia miguu ikagoma, na sauti ya Mzee, ile ile iliyomfundisha kazi, ikaanza kumsomea maungamo yake neno kwa neno mpaka ikafika kwenye jina la mtoto.

Mfagizi, aliyemkuta ameziba masikio, akamletea mganga. Mlinzi akamzuia mlangoni: hajapekuliwa. Bosi naye akashikilia kwamba kanuni ni kanuni. Marehemu ana kibali, mganga hana! Ikabidi mganga anong'one akiwa koridoni.

"Huyo si Mzee, mama. Ni jini, kavaa jina mliloliacha wazi. Likate atoke."

"Nikilikata bila saini nafukuzwa kazi."

"Basi kaa naye."

Akalikata. Kitu kizito kikampita ubavuni, mlango ukajibamiza, harufu ikaisha. Bi Komeo alilia kwa furaha, wala hakujiuliza aliyetoka kaelekea wapi.

Jioni alimkuta mumewe sebuleni peke yake, ametulia, anamenya chungwa.

"Una mgeni," mumewe akasema. "Mzee mmoja, anasema mlifanya kazi pamoja."

"Yuko wapi?" Bi Komeo akauliza.

"Chumbani, na mtoto. Eti kamletea habari za baba yake. Nikamwambia, baba yake si mimi huyu hapa? Akacheka tu, akafunga mlango."